Historia Fupi ya Programu za Kutungia Masomo, na Funzo Lake kwa Mwalimu wa Kiswahili

Utangulizi

Tangu zamani mwalimu amekuwa mtu wa kutumia vyombo alivyovikuta. Ubao na chaki hakuvitengeneza yeye. Santuri, redio, mashine ya kunasia sauti na kaseti zake vilitoka viwandani, akajifunza kuvitumia, akavizoea. Kila kimoja kilikuwa na siku zake. Santuri ilipopitwa na wakati, sauti zilizokuwamo zilipotea nayo, isipokuwa zile ambazo mtu mwenye busara alizihamishia kwenye utepe. Na utepe ulipochakaa, yakawa yale yale. Lakini mwalimu aliyeyaandika masomo yake katika daftari alibaki nayo.

Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa ufupi historia ya chombo kimoja cha zama zetu, nacho ni programu ya kutungia masomo. Kwa jina hilo tuna maana ya programu ya kompyuta inayomwezesha mwalimu asiyejua uhandisi wa kompyuta kuunganisha maelezo, picha, sauti na maswali, yakawa somo moja ambalo mwanafunzi hulisoma na kulijibu mwenyewe mbele ya kioo, kiwe cha kompyuta, cha kishikwambi au cha simu.

Jambo hili si la anasa kwetu sisi tunaofundisha Kiswahili katika nchi ambazo kwa wengi lugha hii si ya nyumbani. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Nchini Uganda, mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 ulikiweka miongoni mwa masomo ya lazima katika kidato cha kwanza na cha pili, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kiwe lugha rasmi. Wanaojifunza wanaongezeka, walimu na vitabu havijatosha. Kwa hiyo walimu wengi wameanza kutunga masomo ya kutuma kwenye simu, na swali linaloulizwa katika kila mkutano ni lile lile: je, nitunge kwa programu gani, ili somo langu lifunguke katika simu ya kila mwanafunzi?

Wauzaji wanalo jibu lao. Sisi tunapendekeza kwamba historia iulizwe kwanza, kwa sababu swali hili limekwisha kuulizwa mara tatu au nne na walimu waliotutangulia, na yaliyowapata yanajulikana.

Mwanzo: mashine moja, kioo kimoja

Habari hii inaanzia Marekani, katika Chuo Kikuu cha Illinois, mjini Urbana. Mwaka 1960 mhandisi Donald Bitzer na wenzake walianzisha mfumo wa kufundishia kwa kompyuta walioupa jina la PLATO. Kutunga somo wakati huo ilikuwa kazi ya watu wawili: mwalimu alieleza analolitaka, na mtaalamu akaligeuza kuwa amri za mashine. Mwalimu hakuweza kusahihisha hata neno moja bila ya kumwendea mtaalamu.

Mwaka 1967 Paul Tenczar, aliyekuwa mwanafunzi wa shahada ya juu katika elimu ya wanyama, alibuni lugha ya kutungia iliyoitwa TUTOR. Amri zake zilikuwa maneno ya kawaida ya Kiingereza, yenye maana kama vile “andika”, “jibu” na “si sahihi”. Kuanzia hapo mwalimu wa kemia au wa lugha aliweza kujifunza, akatunga na kurekebisha somo lake mwenyewe. Hapana shaka hili lilikuwa tukio kubwa. Kwa mara ya kwanza kalamu ya kutungia somo la kompyuta ilitiwa mkononi mwa mwalimu.

Mwaka 1972 PLATO ilipata vituo vipya vyenye kioo bapa kilichotoa mwanga wa rangi ya machungwa, na kioo hicho kiliweza kutambua mahali kilipoguswa na kidole. Mwanafunzi aliulizwa swali, naye akajibu kwa kugusa neno au picha. Wanaodhani kwamba kugusa kioo ni uvumbuzi wa simu za leo wanapaswa kukumbuka kuwa wanafunzi wa Illinois walifanya hivyo miaka 50 iliyopita na zaidi. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 vituo hivyo vilikaribia 1,000.

Basi tuangalie jambo moja lililomrahisishia kazi mtungaji wa zama hizo. Vituo vyote vilikuwa vya aina moja. Kioo kilikuwa na nukta 512 kwa mapana na 512 kwa marefu, wala hapakuwa na kingine. Mtungaji alipoweka sentensi mahali fulani alijua kwamba kila mwanafunzi ataiona mahali hapo hapo. Tatizo la vyombo vingi halikuwapo, kwa sababu vyombo vingi havikuwapo. Lakini upande wa pili wa jambo hilo ni kwamba somo la TUTOR halikuweza kwenda popote nje ya mfumo wake. Liliishi ndani ya PLATO, na nje yake halikuwa na maana.

Zama za kompyuta ya mezani

Miaka ya 1980 kompyuta ziliteremka kutoka vyumba vikubwa zikawekwa juu ya meza. Mwaka 1987 kampuni ya Apple ilitoa HyperCard, kazi ya Bill Atkinson, ikaigawa bila malipo pamoja na kompyuta zake za Macintosh. Mtungaji alipanga somo kama mtu anayepanga kadi: kadi moja ina maelezo, ya pili ina picha, ya tatu ina swali, na vitufe vya kumpeleka mwanafunzi kutoka kadi hii hadi ile. Walimu wengi waliipenda, wakatunga kwa wingi. Hata hivyo kadi zao zilifunguka kwenye Macintosh tu. Apple iliacha kuiuza HyperCard mwaka 2004, na kadi hizo zikabaki katika kompyuta zilizokuwa zikizeeka pamoja nazo.

Mwaka huo huo wa 1987 ilitoka programu nyingine, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Authorware. Mwanzilishi wake, Michael Allen, alikuwa amefanya kazi na PLATO katika kampuni ya Control Data, akaona kwamba hata amri rahisi za TUTOR ziliwashinda walimu wengi. Akaziondoa amri, akaweka alama za picha ambazo mtungaji alizipanga juu ya mstari mmoja, kama mtu anayechora njia ya kupitia. Authorware ilitumika kwenye Macintosh, kisha kwenye Windows pia. Na hapo ndipo walimu walipoanza kukutana na swali la vyombo mbalimbali. Vilikuwa viwili tu, lakini swali lilikuwa lile lile la leo.

Ni vyema kutaja kwamba waliolishughulikia mapema kwa pamoja hawakuwa walimu, bali watu wa ndege. Mashirika ya usafiri wa anga yalikuwa yakinunua masomo ya kuwafunza marubani na mafundi, na kila mtengenezaji wa ndege alileta masomo yake pamoja na mashine zake. Mwaka 1988 wanunuzi na watengenezaji waliunda kamati, iliyojulikana kwa kifupi AICC, ili kuweka kanuni za pamoja za mashine na masomo. Walikwisha kutambua kwamba mnunuzi mmoja mmoja hana nguvu ya kumwamrisha mtengenezaji, lakini wanunuzi wakisema kwa kauli moja watasikilizwa. Baadaye Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilianzisha juhudi kama hiyo mwaka 1997, na matokeo yake ni kanuni ziitwazo SCORM. Toleo lake la 1.2, la mwaka 2001, lilienea kuliko yote, na hadi leo programu nyingi za kutungia bado zinaweza kutoa somo kwa kanuni hizo.

Mtandao na enzi ya Flash

Tarehe 30 Aprili 1993 kituo cha utafiti cha CERN, kilichoko Uswisi, kilitangaza kwamba ufundi wa tovuti uliobuniwa hapo na Tim Berners-Lee ni mali ya watu wote, wala hautalipiwa. Kurasa za mwanzo zilikuwa za maandishi na picha zisizosogea. Walimu walizitumia hivyo hivyo, nao walimu wa Kiswahili wakiwamo. Mradi wa “Kiswahili kwa Kompyuta” wa Chuo Kikuu cha Georgia nchini Marekani, ulioongozwa na Profesa Lioba Moshi, ni miongoni mwa juhudi zilizopeleka masomo ya lugha yetu kwenye tovuti.

Lakini mtungaji aliyezoea Authorware aliziona kurasa hizo kuwa kavu. Alitaka mwendo, sauti na maswali yanayojibiwa papo hapo. Haja hiyo ilitimizwa na Flash, programu iliyoanza mwaka 1996 kwa jina jingine na kununuliwa na kampuni ya Macromedia. Ili kuitazama kazi ya Flash, mtu alihitaji kuongeza kipande cha programu ndani ya kivinjari chake. Kipande hicho kilitolewa bure, kikaenea karibu katika kila kompyuta ya mezani. Ikaonekana kana kwamba tatizo la vyombo mbalimbali limekwisha: somo moja lilifunguka katika Windows na katika Macintosh, likiwa na sura ile ile.

Programu za kutungia zikajengwa juu ya msingi huo. Captivate ilitoka mwaka 2004. Articulate nayo ikawawezesha walimu kugeuza slaidi za PowerPoint kuwa somo. Zote mbili zilitoa kazi yake kwa Flash. Mwalimu aliandika slaidi, akabonyeza kitufe, somo likatoka. Hakuhitaji kujua ndani yake mna nini, na wengi hawakuuliza. Walijua jina la programu waliyoinunua. Hawakujua jina la kitu ambacho programu hiyo ilikuwa inakitoa. Hata waliosisitiza kwamba somo lifuate kanuni za SCORM hawakusalimika, kwa maana kanuni hizo zilihusu namna somo linavyofungashwa na namna linavyotoa taarifa za alama kwa seva. Hazikusema lazima yaliyomo yawe ya aina gani. Bahasha ilikuwa sanifu, lakini barua iliyokuwa ndani ilihitaji miwani ya kampuni moja ili isomeke.

Simu ilipoingia

Mwezi Juni 2007 Apple ilianza kuuza iPhone. Kivinjari chake kilifungua kurasa za kawaida za tovuti, lakini Flash haikuruhusiwa. Mwezi Aprili 2010 kishikwambi cha iPad kilitoka bila Flash vilevile, na mwisho wa mwezi huo Steve Jobs, mkuu wa Apple, alitoa waraka wa kueleza sababu zake. Alitaja usalama, nguvu ya betri, na kwamba Flash ilikuwa mali ya kampuni moja. Alitaja pia sababu ambayo mwalimu anapaswa kuikumbuka: kazi nyingi za Flash zilitungwa kwa ajili ya mtu anayetumia kipanya, si anayetumia kidole. Kipanya kinaweza kupita juu ya neno bila ya kulibonyeza, na maana ya neno ikajitokeza. Kidole hakipiti juu. Hugusa au hakigusi.

Adobe, kampuni iliyokuwa imeinunua Macromedia mwaka 2005, ilijitahidi kwa muda kupeleka Flash kwenye simu za Android. Mwezi Novemba 2011 ilitangaza kwamba haitaendelea kuitengeneza kwa ajili ya simu.

Kwa Afrika Mashariki, mabadiliko haya yalifika wakati wa pekee. Waya wa SEACOM uliopita chini ya bahari ulianza kazi mwezi Julai 2009, ukaziunganisha pwani yetu na nchi za bara na mtandao wa kasi. Wengi wa wanafunzi wetu hawakupitia kompyuta ya mezani hata kidogo. Waliujua mtandao kwa mara ya kwanza kupitia simu. Kwa hiyo wakati walimu wa Ulaya na Marekani walikuwa wakiona simu kuwa nyongeza, kwetu simu ndiyo iliyokuwa darasa lenyewe. Somo la Flash lilikuwa halifunguki kwa wengi wa wanafunzi wetu miaka mingi kabla Flash haijazikwa.

Mambo mawili yalitokea mbali na soko la programu, nayo yakawa na faida kubwa kwa mwalimu. La kwanza, mwezi Mei 2010 Mmarekani Ethan Marcotte aliandika makala kupendekeza kwamba ukurasa wa tovuti usitengenezwe kwa kipimo kimoja, bali ujipange wenyewe kufuata upana wa kioo unaofunguliwa: safu tatu kwenye kompyuta, mbili kwenye kishikwambi, moja kwenye simu. La pili, mwezi Oktoba 2014 shirika la W3C lilipitisha rasmi kanuni za HTML5, ambazo zinakiwezesha kivinjari kucheza sauti, video na michoro pasipo kipande cha programu cha kampuni yoyote. Kanuni hizo ni za wazi, na yeyote anaweza kuzisoma na kuzitumia.

Mwaka 2020

Mwezi Julai 2017 Adobe ilitangaza kwamba Flash itakoma mwisho wa mwaka 2020. Tangazo lilitolewa mapema kwa miaka mitatu na zaidi. Tarehe 31 Desemba 2020 huduma ilikoma, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 kipande chenyewe kilikataa kufungua kazi yoyote.

Katika siku hizo hizo shule zetu zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Nchini Uganda zilifungwa mwezi Machi 2020, zikafunguliwa kwa baadhi ya madarasa na kufungwa tena, hata wanafunzi wote waliporudi tarehe 10 Januari 2022. Kipindi hicho kilihesabiwa kuwa kirefu kuliko cha nchi nyingine yoyote duniani. Yaani wakati mwalimu alipohitaji kuliko wakati wowote somo la kumpelekea mtoto aliye nyumbani, ndipo masomo yaliyotungwa na walimu wa dunia nzima kwa muda wa miaka 20 yalipofungwa.

Ni vizuri kutazama nani alipoteza na nani hakupoteza. Aliyekuwa na faili la asili la somo lake, pamoja na programu iliyolitunga, aliweza kulitoa upya kwa HTML5, ingawa kwa kazi nyingi. Aliyekuwa na maandishi yake, sauti zake na picha zake katika mafaili ya kawaida aliweza kulitunga upya kwa programu nyingine. Aliyekuwa na somo lililokwisha kufungwa tu, lile la kuchezwa, alibaki na sanduku lisilo na ufunguo. Wahandisi wa kujitolea walitengeneza programu iitwayo Ruffle, inayoweza kufungua sehemu ya kazi za Flash. Lakini hilo ni tumaini la mtu aliyeibiwa kusikia kwamba baadhi ya vitu vyake vimeonekana sokoni. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Namna mbili za kutunga, na tabia za Kiswahili

Programu za leo ni nyingi, lakini tukiacha majina na rangi, tunaziona za namna mbili.

Namna ya kwanza ni ya slaidi. Mtungaji huweka kila kitu mahali pake juu ya kioo cha kipimo maalumu, na kwenye kioo kidogo slaidi nzima hupunguzwa kama picha inayotazamwa kwa mbali. Storyline, iliyotoka mwaka 2012, hufuata njia hii. Faida yake ni kwamba mtungaji hutawala mpangilio. Hasara yake ni kwamba maandishi yanayosomeka vizuri kwenye kompyuta huwa madogo mno kwenye simu. Captivate kuanzia mwaka 2014 ilijaribu kumruhusu mtungaji apange slaidi moja mara kadhaa, kwa vioo vya mapana tofauti. Lakini kazi ya mtungaji iliongezeka kwa kiasi hicho hicho.

Namna ya pili ni ya mtiririko. Mtungaji hupanga vipande kwa kufuatana, aya, picha, sauti, swali, na kivinjari huamua vikae vipi kwenye kioo kilichopo. Rise, ya mwaka 2016, ni ya aina hiyo. Vivyo hivyo H5P na eXeLearning, ambazo tutazieleza hapa chini. Mtungaji hupoteza uhuru wa kupamba, na mwanafunzi hupata maandishi yanayosomeka.

Kwa lugha yetu namna ya pili inafaa zaidi, na sababu zimo ndani ya lugha yenyewe. Kitenzi cha Kiswahili hubeba nafsi, wakati, urejeshi na yambwa katika neno moja. Kitufe kilichopimwa kwa neno fupi la Kiingereza hakitoshi kwa “waliotutangulia” wala “tutakapowasahihishia”. Kwenye slaidi ya kipimo maalumu neno hukatwa katikati au hutoka nje ya fremu. Kwenye mtiririko fremu hupanuka.

Kuna na jambo la alama ya ritifaa. Mwanafunzi anaulizwa aandike jina la mnyama atoaye maziwa, naye anaandika “ng'ombe”. Simu nyingine huiweka ritifaa iliyonyooka, nyingine huipinda, na programu inayolinganisha herufi kwa herufi humwambia mwanafunzi aliyejibu vyema kwamba amekosea. Programu nzuri humruhusu mwalimu kuandika majibu kadhaa yanayokubalika. Vilevile kibodi ya simu iliyowekwa kwa Kiingereza huyageuza maneno yetu bila ya kuulizwa, kwa hiyo zoezi la kuandika sharti lijaribiwe kwenye simu yenyewe.

Mazoezi ya ngeli nayo yana tabia zake. Mwalimu hupenda mwanafunzi aburute nomino kumi na kuzitia katika visanduku vya ngeli: M-WA, M-MI, KI-VI na kadhalika. Juu ya meza, kwa kipanya, ni zoezi la kupendeza. Juu ya kioo cha simu nomino na visanduku haviwezi kuonekana kwa pamoja, na kidole hukifunika kile kinachoburutwa. Kuchagua jibu moja kati ya matatu, au kujaza kiambishi kinachokosekana, hupima ujuzi ule ule na hufanyika katika kila kioo.

Mwisho ni sauti. Mwanafunzi ambaye lugha ya nyumbani kwake haina “dh” wala “gh” anahitaji kusikia, tena mara nyingi. Sauti ya mtu mmoja anayesema haihitaji ubora wa muziki. Kwa kiwango cha kilobiti 64 kwa sekunde, dakika moja ya sauti huchukua kilobaiti 480, yaani chini ya megabaiti moja. Video ya dakika hiyo hiyo ingeweza kuchukua mara nyingi zaidi ya hapo. Mzazi anayenunua data kwa vipimo vya siku anazijua tofauti hizi kuliko mtengenezaji wa programu.

Mambo ya kuzingatia katika uchaguzi

Kutokana na historia hii, tunaona kwamba mwalimu anayechagua programu anapaswa kuuliza maswali yafuatayo, na kwa utaratibu huu.

Kwanza, nikiacha kuitumia programu hii, nitatoka na nini? Hili ndilo swali la msingi. Programu nyingi za biashara leo hukodishwa kwa mwaka, na baadhi huhifadhi somo la asili kwenye seva za kampuni. Mwenye kuacha kulipa hubaki na nakala ya kuchezwa asiyoweza kuisahihisha. Kabla ya kulipa, mwalimu ajaribu kutoa somo moja nje na kulirekebisha mahali pengine.

Pili, inatoa kitu gani? Isitoshe kuambiwa kwamba “inafanya kazi kwenye simu”. Aulize kama inatoa kurasa za HTML5 zinazofunguka katika kivinjari cha kawaida, bila ya mwanafunzi kuongeza kitu.

Tatu, je, somo linafunguka pasipo mtandao? Kanuni za SCORM zilibuniwa kwa mtu aliyeunganishwa na seva wakati wote. Mtandao ukikatika, alama zinaweza kupotea. Kanuni za xAPI, zilizotolewa mwaka 2013, huruhusu taarifa zihifadhiwe na kutumwa baadaye, lakini si kila programu inazitumia. Kwa shule isiyo na mtandao kuna Kolibri, programu huria iliyotolewa mwaka 2017, ambayo huwekwa kwenye kompyuta moja ya shule na kuwagawia wanafunzi masomo kupitia mawimbi ya karibu, bila ya data.

Nne, imejaribiwa kwenye simu gani? Mwalimu asiridhike na simu yake. Achukue simu ya bei nafuu kuliko zote zilizomo darasani, yenye kioo kilichopasuka ikibidi, alifungue somo juani, na atumie kidole gumba.

Tano, je, gharama yake inalingana na uhai wake? Hapa inafaa kutaja programu huria mbili. eXeLearning ilianzia New Zealand, kisha ikaendelezwa Hispania. Hukaa kwenye kompyuta ya mwalimu, haihitaji mtandao wakati wa kutunga, na hutoa somo kama kurasa za tovuti, kama kifurushi cha SCORM au kama kitabu cha EPUB. H5P ilianzia Norway mwaka 2013; hutunga mazoezi ya vipande vidogo, na tangu mwaka 2019 imo ndani ya Moodle, mfumo wa madarasa ambao vyuo vingi vinautumia. Faili lake likifunguliwa huonekana kuwa furushi la kawaida lenye maandishi na picha za mtungaji. Hata hivyo nayo si kinga dhidi ya kila jambo. Mwaka 2024 kampuni inayoiendeleza ilinunuliwa na D2L ya Kanada. Kilicho huria kimebaki huria, lakini mwalimu asilale.

Hatusemi kwamba programu za biashara ni mbaya. Storyline na wenzake hufanya mambo ambayo programu huria haziwezi, na taasisi yenye fedha na mafundi inaweza kuzitumia kwa faida. Tunachosema ni kwamba uzuri wa chombo si kipimo cha kwanza. HyperCard ilikuwa nzuri, na Flash ilikuwa nzuri. Authorware nayo, ambayo Adobe iliacha kuiendeleza mwaka 2007, wako walimu wanaoisifu hadi leo.

Hitimisho

Tumeona kwamba katika muda wa miaka 60 na zaidi mwalimu amepewa kalamu ya kutungia na kunyang'anywa mara kadhaa: alipewa na TUTOR, akapewa na HyperCard na Authorware, akapewa na Flash. Kila mara alidhani kwamba kalamu ile na maandishi yake ni kitu kimoja. Havikuwa kitu kimoja.

Kwa lugha zenye masomo mengi hasara hii huzibwa upesi. Somo moja la Kiingereza likipotea, yapo mengine mia. Kwetu sivyo. Masomo ya Kiswahili yaliyotungwa mahsusi kwa mtoto wa Kigali, Gulu au Bujumbura, yanayojua ni sauti gani itamshinda na ni ngeli gani itamchanganya, yanahesabika. Likipotea moja, huenda hakuna aliyebaki na mfano wake.

Kwa hiyo tunatoa rai kwamba kila mwalimu anayetunga aanze nje ya programu. Ayaandike kwanza maelezo na maswali yake katika faili la maandishi ya kawaida, pamoja na majibu yote yanayokubalika. Sauti azihifadhi moja moja, kila moja ikiwa na jina linaloeleweka. Picha aziweke pamoja na habari ya alikozipata. Hapo ndipo aingie katika programu yoyote aipendayo. Na kama watu wa ndege walivyokutana mwaka 1988, walimu wa chama chetu nao waweke hazina moja ya mafaili hayo, tawi kwa tawi, ili anayestaafu asiondoke na masomo yake, na anayeanza kazi asianze na karatasi tupu. Simu zitabadilika tena, na programu tunazozisifu leo zitakuja kuachwa. Mwalimu mwenye daftari lake atatunga upya kwa wiki moja kile ambacho mwenzake atakuwa amekipoteza kabisa.